Kwenu walikuja wangapi?

Hilo ndilo swali Wamarekani huulizana kila tarehe mosi Novemba. Wanamaanisha watoto. Usiku wa Oktoba 31, usiku wa Halloween, watoto huvaa kama mizimu, wachawi ama mashujaa wa filamu, wakapita nyumba kwa nyumba wakibisha na kusema "trick or treat", yaani nipe kitu kitamu la sivyo nikuchezee shere. Kama uko na binamu Dallas ama Minneapolis, muulize. Mmoja atakwambia walikuja mia tatu, peremende zikaisha mapema. Mwingine, anayeishi dakika kumi tu kutoka hapo, atakwambia hakuja hata mmoja na sasa amebaki na bakuli zima la chokoleti.

Wengi huchukulia hiyo tofauti kama bahati. Mimi nasema bahati haimo kabisa. Idadi ya watoto mlangoni iko na historia, na historia hiyo inahusu nyumba: nani aliruhusiwa kununua wapi, na nani alifungiwa nje.

Mwanzo wake tunaujua. Waairishi waliokimbia njaa kuu ya viazi, 1845 hadi 1852, pamoja na Waskoti, walivuka bahari na mila zao za mwisho wa mavuno. Lakini kwa muda mrefu Halloween ya Marekani ilikuwa ya fujo, wala si ya peremende. Vijana waling'oa mageti ya watu, wakavunja madirisha, wakaharibu mali. Mji wa Anoka, Minnesota, ulichoka na hayo mapema, na mwaka 1920 ukaandaa gwaride la Halloween ili vijana wawe na shughuli nyingine. Des Moines, Iowa, nao walianzisha usiku wao wa ombaomba mwaka 1938, baada ya polisi kulemewa na simu za uharibifu. Hadi leo huko mtoto hutakiwa kutoa kichekesho kwanza ndipo apewe peremende.

Kwa hivyo ile peremende ilikuwa nini hasa? Sisi Wakenya tuna jina lake: kitu kidogo. Mwenye nyumba anampa kijana kitu kidogo ili geti lake libaki mahali pake. Si ukarimu huo, ni hesabu.

Halafu vita vikaingia. Sukari ilianza kugawiwa kwa kadi mwaka 1942, na mgao wake haukuisha hadi 1947. Bila sukari ungempa mtoto nini? Desturi ikapoa. Iliporudi, ilikuta Marekani nyingine kabisa. Wanajeshi wamerudi, wameoa, watoto wanazaliwa kwa fujo, na nje ya miji nyumba zinamea kama uyoga. Maarufu zaidi ni Levittown, kule Long Island, New York, ulioanza mwaka huohuo wa 1947 na kufika nyumba zaidi ya 17,000 katika miaka michache. Nyumba ndogo, zinazofanana, zimepangwa karibu karibu, watoto kila upande. Ukitaka kubuni mahali pa kubisha milango hamsini kwa saa moja, huwezi kupata pazuri kuliko hapo. Kufikia 1952 Disney walikuwa wametoa katuni ya Donald Duck kuhusu mchezo huo, na nchi nzima ikauona kama kitu kilichokuwepo tangu zamani.

Sasa sikiliza vizuri. Mikataba ya mwanzo ya Levittown ilikuwa na kipengele kinachokataza mtu asiye mzungu kuishi humo, isipokuwa mfanyakazi wa nyumbani. Ilikuwa imeandikwa wazi, wino mweusi. Na haikuwa roho mbaya ya kampuni moja tu. Katika miaka ya 1930 shirika la serikali la mikopo ya nyumba, HOLC, lilichora ramani za miji zaidi ya 200 na kupaka mitaa rangi: kijani kwa mitaa bora, nyekundu kwa mitaa ya "hatari". Mitaa waliyoishi watu weusi ilipakwa nyekundu karibu bila kujali hali ya nyumba zenyewe. Serikali hiyohiyo ikawa inadhamini mikopo ya nyumba kule nje ya miji kwa wazungu. Sheria ya kupiga marufuku ubaguzi katika nyumba ilikuja 1968, lakini rangi zilikuwa zimekauka. Utafiti wa shirika la NCRC wa mwaka 2018 ulikuta karibu robo tatu ya mitaa iliyopakwa nyekundu bado ni ya watu wa kipato cha chini au cha wastani.

Unganisha hayo na mtoto wa leo aliyevaa kofia ya mchawi. Anakaa kwenye ghorofa ambalo mlango wa chini hufunguliwa kwa namba ya siri, ama kando ya barabara kuu isiyo na njia ya wapita kwa miguu. Abishe wapi? Mama yake anampakia kwa gari na kumpeleka kwenye mtaa wenye taa, wenye nyumba zilizokaribiana na baraza zinazotazama barabara. Na kumbuka, huo si mtaa wa matajiri wa juu kabisa. Kwa bwanyenye mwenye geti la umeme na njia ndefu ya gari hafiki mtoto, maana kutoka nyumba moja hadi nyingine ni safari. Umati hujaa pale katikati, kwa wenye nazo lakini wasiojifungia.

Hofu nayo imechangia. Mwaka 1974, Texas, Ronald Clark O'Bryan alimuua mwanawe wa miaka minane kwa peremende aliyoitia sayanaidi, akitaka pesa za bima. Ni baba mzazi huyo! Lakini kilichobaki vichwani mwa watu ni mgeni anayewawekea watoto sumu. Mwanasosholojia Joel Best amefuatilia visa hivi kwa miaka mingi na hajapata ushahidi wa mtoto hata mmoja aliyeuawa na mgeni anayegawa peremende zenye sumu ovyo. Haikusaidia. Wazazi walianza kuchagua mitaa "salama", na salama kwa lugha ya Marekani mara nyingi ni ileile kijani ya ramani. Zillow, kampuni ya kuuza nyumba mtandaoni, ilikuwa hata ikitoa orodha ya miji na mitaa bora ya Halloween. Vipimo vyake? Bei ya nyumba, msongamano wa watu, urahisi wa kutembea na uhalifu.

Mwaka 2014 mtu mmoja wa mtaa wa kitajiri aliandikia safu ya ushauri ya jarida la Slate, akilalamika kwamba watoto wengi wanaombishia wanatoka mitaa mingine, na yeye tayari analipa kodi ya kuwasaidia. Mwandishi wa safu, Emily Yoffe, alimkaripia bila huruma, akamwambia aende akanunue peremende za bei ya jumla. Mimi namuunga mkono Yoffe, ila ningeongeza swali. Mbona hao watoto si wa mtaa wako? Nani aliyeamua, na kwa kalamu ya rangi gani? Ukijua jibu, hilo lalamiko linafanana na soja wa geti anayekuuliza "unaenda kwa nani?" ilhali shamba lote lilikuwa la babu yako.

Na bado wapo waliotafuta njia ya kutoulizwa lolote. Makanisa na shule nyingi siku hizi hupanga magari uwanjani, buti wazi, yamepambwa kwa maboga na utando wa buibui. Mtoto hutembea kutoka buti hadi buti, hatua tano tano, na ndani ya nusu saa mfuko umejaa. Ni salama, ni rahisi, wazazi wanafahamiana wote. Huko hakuna anayeuliza kesho yake walikuja wangapi, maana orodha ilijulikana tangu Jumapili.