Kuta Nene na Joto la Kaskazi

Desemba 2009 waya wa umeme uliopita chini ya bahari kutoka Bara uliharibika, na Unguja ikakaa gizani mpaka Machi 2010. Hiyo ni miezi ya kaskazi, joto limeshika. Feni zikasimama, viyoyozi vikawa mapambo, na mwenye jenereta akahesabu fedha za mafuta. Ndipo ilipodhihirika nyumba ipi hukalika bila umeme.

Nyumba za zamani za Mji Mkongwe zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake nusu mita na zaidi. Ukuta kama huo huchelewa kushika moto. Jua huchwa kabla joto halijafika ndani. Vyumba ni vyembamba, maana boriti za mikoko hazifiki mbali, lakini dari ziko juu na ua wa katikati hupandisha hewa ya moto ikatoka. Hata vichochoro, ambavyo mgeni hudhani vimebanana ovyo, hufanya nyumba zitiliane kivuli.

Nyumba ya matofali ya saruji na mabati haina subira hiyo. Saa nne asubuhi imeshachemka.

Ajabu ni kwamba ndani ya Mji Mkongwe wenyewe, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, zimo kuta za kale zilizopigwa plasta ya saruji, eti ni kazi ya haraka. Chokaa hupumua. Saruji hufungia unyevu ukutani, chumvi ikachimbuka, plasta ikabanduka, na ncha za boriti zilizomo ndani zikaoza bila mwenye nyumba kujua.