Mwizi wa Ng'ombe Aliyewachorea Watoto Farasi

Katika gereza la jimbo la Nevada, mjini Carson City, mfungwa mmoja aliyehukumiwa kwa wizi wa ng'ombe alichukua penseli akayachora maisha yake kwa sehemu tatu kwenye karatasi moja. Ya kwanza ilikuwa jana yake, enzi za kuiba mifugo ya watu. Ya pili ilikuwa leo, mtu ndani ya selo. Ya tatu ilikuwa kesho aliyoitamani, ya kuishi kwa kalamu na rangi. Mchoro huo aliuambatanisha na maombi ya kufunguliwa mapema. Alitoka mwaka 1916. Miaka 11 baadaye, wakutubi wa Marekani walimpa tuzo ya Newbery, ambayo ndiyo heshima kubwa kwa mwandishi wa vitabu vya watoto nchini humo.

Jina aliloandika kwenye jalada lilikuwa Will James, na kitabu kiliitwa Smoky the Cowhorse. Kilitolewa mwaka 1926 na kampuni ya Scribner's ya New York, na mhariri wake alikuwa Maxwell Perkins, yuleyule aliyewahariri Hemingway na Fitzgerald. Mwaka huohuo Perkins alikuwa pia na riwaya ya Hemingway, The Sun Also Rises, mezani kwake. Will James alimletea kitu cha aina nyingine kabisa: maandishi ya lugha ya vibarua wa ranchi, yenye sarufi iliyopinda na tahajia ya mtu asiyemaliza shule, pamoja na michoro aliyoichora kwa mkono wake. Scribner's hawakuinyoosha lugha ile. Waliichapa kama ilivyo, na wasomaji wakaipenda kwa sababu hiyohiyo.

Msomaji wa Dar es Salaam, aliyezoea kumwona farasi ametulia chini ya askari polisi siku ya gwaride, inabidi asahau picha hiyo kidogo. Farasi wa nyanda za Montana na Nevada alizaliwa porini, akakua bila kuguswa na mtu, akaswagwa zizini akiwa na miaka mitatu au minne. Siku ya kwanza ya kuwekewa tandiko, mgongo wake ulijikunja kama upinde na miguu yote minne ikaondoka ardhini kwa pamoja. Kazi ya kumzoesha mnyama wa namna hiyo ilikuwa na mafundi wake waliozunguka ranchi hadi ranchi, na wengi wao walizeeka mapema, mifupa ikiwa imeungwa hapa na pale. Will James alikuwa mmoja wao.

Smoky, farasi wa kitabu hiki, anapewa maisha yote tangu anaposimama kwa mara ya kwanza kwa miguu inayotetemeka. Anakutana na Clint, fundi wa kuzoesha farasi, na hapo mwandishi hana haraka. Anatumia kurasa nyingi kueleza kamba inavyotupwa, farasi anavyoinusa, mkono unavyopita shingoni mara ya kwanza, na jinsi asubuhi ya kesho yake mnyama anavyorusha mateke tena kana kwamba jana haikuwapo. Kwangu mimi hii ndiyo sehemu bora ya kitabu. Kisha Smoky anaibwa, anapigwa, anamuua mwizi wake. Anaishia kwenye viwanja vya rodeo, michezo ya makauboi, kwa jina la Cougar, farasi muuaji ambaye watu wanalipa kiingilio kumwona. Akichoka anaitwa Cloudy, wa kukodishwa kwa wapandaji wa mjini. Baadaye anavuta gari la mtu anayemnyima chakula, mpaka Clint anapomkuta tena.

Mwizi wa kitabuni anaelezwa kuwa chotara, mwenye damu ya Kimeksiko na damu nyingine nyeusi zaidi, na baada ya mateso yake farasi anawachukia watu wenye ngozi ya rangi hiyo. Wakutubi wa mwaka 1927 hilo halikuwazuia kukipa tuzo. Leo haliwezi kupita bila kusemwa, hasa kwa mtu anayefikiria kumsomea mtoto wake kitabu hiki. Lakini kuna jambo ambalo wakutubi hao hawakulijua: mwizi halisi wa mifugo aliyehusika na kitabu hiki alikuwa mzungu, na ndiye aliyekiandika.

Halafu jina lenyewe halikuwa lake. Alizaliwa Juni 1892 katika kijiji cha Saint-Nazaire, Quebec, akaitwa Joseph Ernest Nephtali Dufault. Lugha ya nyumbani kwao ilikuwa Kifaransa. Alichora farasi tangu utotoni, kabla hajaijua nchi ya makauboi, na alipofika miaka 15 aliwaaga wazazi akapanda treni kuelekea magharibi mwa Kanada. Huko alijifunza kazi ya ranchi, akajifunza na Kiingereza midomoni mwa wachunga ng'ombe. Kisha akavuka mpaka kuingia Montana, na mahali fulani njiani Ernest akabaki nyuma.

Kwa hiyo ile lugha ya ranchi ambayo wahakiki waliisifu kwa uasilia wake ilikuwa ya mtu aliyejifunza Kiingereza ukubwani. Sioni kasoro hapo. Mgeni husikiliza kwa makini mambo ambayo mwenyeji hayasikii tena.

Kilichomfanya auchukue uchoraji kama kazi ni ajali. Mwaka 1919, mjini Reno, farasi alimrusha akaumia vibaya kichwani. Aliuguzwa kwa akina Conradt, familia ya rafiki yake, na mwaka uliofuata akamwoa Alice, binti wa nyumba hiyo. Mwili haukuwa tena wa kazi ile. Alikwenda San Francisco kusomea sanaa, ambako mchoraji Maynard Dixon alikuwa miongoni mwa waliomtia moyo. Shule hakudumu nayo, na ukiangalia michoro yake unaelewa sababu. Chukua yoyote ya farasi anayeruka. Mgongo umebinuka, kichwa kimezama katikati ya miguu ya mbele, mkia umebanwa, na chini kabisa kuna kivuli kidogo kilichoachana na kwato. Kivuli hicho ndicho kinachokuonyesha umbali kati ya mpandaji na ardhi atakayoiangukia. Hakuhitaji farasi wa kumsimamia mbele yake.

Mwaka 1923 jarida la Scribner's lilichapa makala yake juu ya farasi warushao na wapandaji wao, na vitabu vikafuatana. Alinunua ranchi karibu na milima ya Pryor, Montana. Akawaandikia watoto moja kwa moja mfululizo wa Uncle Bill, ulioanza mwaka 1932, ambamo watoto wawili wa mjini wanafundishwa mambo ya ranchi na kauboi mzee. Smoky aligeuzwa filamu mwaka 1933, na baadaye mara mbili zaidi.

Umaarufu ulileta maswali. Mwaka 1930 aliyajibu kwa kitabu Lone Cowboy, alichokiita historia ya maisha yake. Humo amezaliwa Montana, ndani ya gari la kukokotwa la wazazi waliokuwa safarini. Mama anafariki akiwa mchanga, baba anauawa na ng'ombe, na yatima analelewa na mtega wanyama mmoja Mfaransa wa Kanada aitwaye Bopy. Mtu huyo hakuwahi kuishi, lakini alikuwa na kazi muhimu, maana yeye ndiye aliyeeleza kwa nini kauboi wa Montana anaongea Kiingereza chenye lafudhi ya Kifaransa. Mama mzazi, wakati huo, alikuwa amezikwa kwenye karatasi tu.

Siri ya namna hiyo ina gharama zake. Pombe, aliyoianza zamani, ilimzidi. Alice aliondoka, ranchi ikapotea, na Septemba 1942 alifariki Hollywood akiwa na miaka 50. Wosia wake uliacha mali kwa mtu ambaye marafiki zake hawakuwahi kumsikia: Ernest Dufault. Ilibidi ndugu yake, Auguste, ajitokeze kueleza kuwa marehemu na mrithi walikuwa mtu mmoja. Hata hivyo wasomaji kwa ujumla hawakuujua ukweli hadi mwaka 1967, mwandishi Anthony Amaral alipochapisha wasifu wake, zikiwamo habari za gereza la Nevada.

Vitabu vyake vimeendelea kuchapwa upya huko Montana, jimbo ambalo hakuzaliwa. Lone Cowboy kimo, na chini ya jina la kitabu bado yameandikwa maneno yanayosema kuwa haya ndiyo maisha yangu.