Oili ya gia ya shafti (pikipiki)

Oili ya gia ya shafti ni mafuta ya kulainisha yanayowekwa katika kasha la gia lililopo kwenye gurudumu la nyuma la pikipiki inayoendeshwa kwa shafti badala ya mnyororo. Oili hii haichanganyiki na ile ya injini. Kiasi chake ni kidogo: pikipiki nyingi za aina hii huchukua kati ya mililita 150 na 350, yaani kama chupa moja ya soda au pungufu. Pengine ndiyo sababu husahaulika, ingawa kuharibika kwa kasha hilo kunaweza kukwamisha gurudumu la nyuma pikipiki ikiwa mwendoni.

Pikipiki zinazohusika

Kampuni ya FN ya Ubelgiji ilitengeneza pikipiki yenye shafti mwaka 1905, na BMW ya Ujerumani ikafuata kwa R 32 ya mwaka 1923, iliyosanifiwa na Max Friz. Tangu hapo shafti imekuwa alama ya pikipiki za BMW za injini ya silinda mbili zilizolala, na hupatikana pia kwa Moto Guzzi na Honda Gold Wing.

Pikipiki nyingi za bodaboda katika Afrika Mashariki hutumia mnyororo, hivyo hazina kasha hili. Lakini pikipiki za magurudumu matatu za kubebea mizigo, zinazoitwa guta nchini Tanzania, kwa kawaida zina shafti na difu nyuma, na difu hiyo ina oili yake. Skuta zisizo na gia za kubadilisha nazo zina kasha dogo la gia karibu na gurudumu la nyuma. Anayebadilisha oili ya injini peke yake katika vyombo hivi amefanya nusu ya kazi.

Kazi ya oili

Ndani ya kasha gia ndogo, yaani pinio, huzungusha gia kubwa ya duara na kuugeuza mwendo wa shafti kwa pembe ya nyuzi 90. Katika muundo wa haipoidi, mhimili wa pinio haukutani na mhimili wa gia kubwa bali hupita kando yake. Kwa hiyo meno hayabingiriki tu, bali pia huteleza yakiwa yamebanana kwa nguvu. Mtelezo huo hukamua utando wa oili ya kawaida na kuacha chuma kisuguane na chuma. Oili ya gia huongezewa kemikali zenye sulfuri na fosforasi, ambazo hushikamana na chuma kinapopata joto na kuweka ngozi nyembamba ya kukilinda. Harufu kali ya oili ya gia hutokana na sulfuri hiyo.

Kuchagua oili

Alama mbili kwenye chupa ndizo za kusomwa. Ya kwanza ni daraja la API. GL-5 ndilo daraja la gia za haipoidi na ndilo linalotakiwa katika makasha mengi ya shafti. GL-4 lina kemikali za kinga pungufu. Hata hivyo si sahihi kudhani kwamba GL-5 inafaa kila mahali, kwa kuwa baadhi ya giaboksi zina sehemu za jamii ya shaba ambazo kemikali hizo zinaweza kuzila.

Alama ya pili ni mnato wa SAE, kama 80W-90 au 75W-140. Hapa wengi hukosea kwa kulinganisha namba hizi na za oili ya injini. Vipimo hivyo ni viwili tofauti: oili ya gia ya 90 ina mnato unaokaribia ule wa oili ya injini ya 40 au 50. Namba iliyo kabla ya W huhusu baridi, hivyo katika joto la pwani namba ya pili ndiyo yenye uzito zaidi. Kitabu cha pikipiki husika ndicho cha kufuatwa.

Kubadilisha

Pikipiki huendeshwa kilomita chache ili oili ipate joto na kuwa nyepesi, kisha husimamishwa wima mahali tambarare. Boliti ya kujazia hufunguliwa kwanza, kabla ya ile ya kumwagia. Fundi aliyeanza na ya chini, kisha akakuta ya juu imekwama, hubaki na chombo kisicho na oili wala njia ya kuijaza.

Oili ikishatoka, sumaku ya boliti husafishwa na washa mpya huwekwa. Oili mpya hupimwa kwa kikombe chenye alama, au hujazwa mpaka ukingo wa chini wa tundu pale kitabu kinaposema hivyo. Kuzidisha "kwa usalama" ni kosa: oili hutanuka kwa joto, hupenya kwenye sili na inaweza kufika kwenye breki au tairi ya nyuma.

Uji laini wa kijivu kwenye sumaku ni wa kawaida. Vipande vinavyohisika kwa vidole ni dalili ya beringi au meno yanayovunjika, na oili yenye rangi ya maziwa imeingiwa na maji.

Muda wa kubadilisha

BMW R 1200 GS za kwanza, zilizotoka mwaka 2004, ziliuzwa kwa maelezo kwamba oili ya shafti ingedumu maisha yote ya chombo. Baadaye kampuni ilibadili msimamo na kuagiza oili ibadilishwe katika huduma ya kilomita 1,000 za mwanzo, kisha kila kilomita 20,000 au miaka 2. Huduma ya kwanza ina sababu yake: gia mpya hutoa unga mwingi wa chuma zinapozoeana. Pikipiki iliyovuka mto na maji yakafunika kasha hukaguliwa mapema, bila kungoja ratiba.

Oili chakavu hukusanywa katika dumu na kupelekwa kwa wanaoipokea. Desturi ya kuipaka kwenye nguzo za uzio ili kuzuia mchwa huipeleka oili hiyo kwenye udongo na, mvua ikinyesha, kwenye maji.