Jino la utoto likitoka halirudishwi



Siku moja dukani kwangu biharusi alikuwa anapima gauni la ndoa, na dada yake alikuja na mwanawe wa mwaka na nusu. Mtoto akateleza, mdomo ukapiga chuma cha cherehani, jino la mbele likatoka zima na mzizi wake. Mama alilisuza kwa maji akataka kulirudisha palepale kwenye ufizi, kwa sababu kaka yake mkubwa aliwahi kurudishiwa jino alipoanguka na baiskeli. Nilimshika mkono. Yalishanikuta kwa mwanangu na daktari wa meno alinieleza.

Lakini wazo la mama yule si la kijinga. Lina historia ndefu, na kwetu Waislamu linaanzia kwenye pua.

Sahaba Arfaja bin As'ad alikatwa pua siku ya Kulab, vita vya zama za Jahiliya. Akatengeneza pua ya fedha, ikaanza kutoa harufu. Mtume (s.a.w.) akamwamuru atumie ya dhahabu. Hadithi hii imo kwa Abu Daud na Tirmidhi, na Tirmidhi anaongeza kuwa wanazuoni kadhaa walifunga meno yao kwa dhahabu. Dhahabu ni haramu kwa wanaume kama pambo, lakini hapa ilikuwa dawa. (Sisi wanawake tumeruhusiwa vyote viwili, alhamdulillah.)

Kisha akaja Abul-Qasim al-Zahrawi, tabibu wa Andalusia, aliyezaliwa karibu na Cordoba mwaka 936 na kufariki 1013. Kitabu chake, al-Tasrif, kina sehemu 30, na ya mwisho ni ya upasuaji. Humo anaeleza kufunga meno yanayolegea kwa waya mwembamba wa dhahabu, kwa sababu fedha hubadilika rangi baada ya siku chache. Jino lililong'oka alisema linaweza kurudishwa mahali pake na kufungwa na wenzake, au kuchongwa jengine kwa mfupa wa ng'ombe. Karne ya 12 Gerard wa Cremona aliigeuza sehemu hiyo kuwa Kilatini, na madaktari wa Ulaya wakaisoma kwa mamia ya miaka.

Basi kurudisha jino ni elimu ya kweli, na kwa jino la ukubwani hadi leo hufanywa: linawekwa kwenye maziwa, mnakimbilia hospitali. La mtoto mchanga ni habari nyengine. Ndani ya mfupa, nyuma ya mzizi wa jino la utoto, jino la ukubwani linakuwa tayari linajengeka. Ukilisukuma la utoto ndani, unaweza kuliumiza lile lisiloonekana. Mwaka 1971 Andreasen na Ravn wa Denmark walichapisha uchunguzi wa watoto walioumia meno ya utoto, wakakuta mengi ya meno yaliyofuata yana madoa meupe au ya hudhurungi. Kadiri mtoto alivyokuwa mdogo alipoumia, ndivyo hatari ilivyozidi.

Kwa hiyo tulifanya machache. Kitambaa safi kubana damu. Jino tulilikagua kama ni zima, maana kipande kinaweza kumezwa au kuingia kwenye pumzi. Halafu hospitali siku ileile. Wiki mbili alikula uji na vitu laini, meno akisafishwa kwa kitambaa cha maji. Jino la jirani liligeuka kijivu, mama akalia tena, lakini rangi peke yake si sababu ya kung'oa. Tunachokiangalia ni kijipu kwenye ufizi, uvimbe au homa.

Bibi mtu aliuliza kama mtoto ataota jino jengine. Ataota inshaallah, akifika miaka 6 au 7. Kwenye picha za harusi amekaa mapajani mwa biharusi, pengo lote nje, anacheka.