Ramani Kubwa za Kompyuta: Kuzifungua na Kuzichapa Bila Kupoteza Vipimo

KAMPALA – Gari linalotoka Lubaga kwenda Mutukula au Katuna hupita Natete na Busega na kushika barabara ya Masaka. Msafirishaji anayetaka kujua kinamasi kiko wapi, mlima una mwinuko gani na njia ipi ya kijijini inafika kwenye ghala hutafuta ramani ya 1:50,000. Nyingi za ramani hizo hupatikana zikiwa faili zilizoskaniwa, na faili zenyewe ni nzito.

Karatasi moja hufunika takriban kilomita 28 kila upande, sawa na sentimita 55 za ramani. Ikiskaniwa kwa nukta 300 kwa inchi pamoja na pembezoni zake, hufikia nukta milioni 60 hivi. Ikifunguliwa yote hula karibu MB 180 za memori, hata kama faili la JPEG lilionekana dogo kwenye flashi. Ndiyo maana kompyuta yenye memori ndogo huganda. Faili za MrSID na ECW zilibuniwa ili programu isome kipande kinachotazamwa tu. Kwa faili la GeoTIFF, programu ya bure ya QGIS huweza kutengeneza nakala ndogo za kutazamia, na ramani husogea bila kukwama.

Hasara kubwa hutokea kwenye printa. Ukiacha chaguo la kutosheleza ukurasa, ramani nzima hubanwa ndani ya A4. Maandishi yatasema bado 1:50,000, kumbe imekuwa karibu 1:145,000. Sentimita moja, ambayo dereva anaihesabu kuwa mita 500, ni kama kilomita moja na nusu. Bei ya mafuta iliyokadiriwa hapo ni ya safari nyingine kabisa.

Chapa kwa asilimia 100, kisha pima kwa rula: mraba wa kilomita moja uwe sentimita 2 kamili. Kwa kipimo hicho A4 moja hubeba eneo la kilomita 9.5 kwa karibu 14, kwa hiyo Lubaga yote inaenea humo. Kata kipande unachohitaji, usikifinye. Ramani nzima hutaka karatasi 12 za A4 za kugundishwa, au plota ya A1 kwa wachapaji wa Nasser Road mjini.

Wenye GPS wana jambo la ziada. Ramani za zamani za Uganda hufuata mfumo wa Arc 1960, wakati GPS hutumia WGS84. Usipobadilisha mpangilio, alama yako itakaa takriban mita 300 kando, umbali wa kutosha kukosa njia panda. Vilevile ramani za miaka ya 1950 na 1960 hazina Northern Bypass, iliyofunguliwa 2009 na kuanzia Busega. Ichore kwa kalamu kabla ya kumkabidhi dereva.