Aliachia Usukani Angani, Akanyanyua Mikono! Kisa cha Mkono wa Chuma Unaorusha Ndege

Hebu vuta picha. Ni tarehe 18 Juni 1914, Mto Seine, nje kidogo ya Paris. Watu wamejaa kingoni, majaji wa shindano la usalama wa ndege wametoa macho. Inakuja ndege ya kutua majini. Ndani yumo kijana wa Kimarekani wa miaka 21 na fundi wake Mfaransa. Ghafla kijana anaachia usukani, mikono yote miwili juu!

Watu hawajapoa, ndege inarudi tena. Safari hii fundi anatoka na kutembea juu ya bawa. Uzito wote ule upande mmoja, ndege si ingelala ubavu? Wapi! Ikanyoosha zake kama hakuna kilichotokea. Wakaondoka na zawadi ya faranga 50,000.

Siri ilikuwa jairoskopu, yaani vigurudumu vinavyozunguka kwa kasi kubwa na kugoma kuinama. Ndege ikiyumba, vyenyewe vinajua. Ila kujua peke yake hakutoshi, lazima kuwe na kitu cha kuuvuta usukani. Kitu hicho leo kinaitwa sevo. Jairoskopu ndiyo hisia, sevo ndiyo mkono.

Miaka ikapita, mkono huo ukafika hadi kwenye ndege ambazo watu hujijengea wenyewe, nje ya viwanda. Moja iliitwa Voyager. Mwaka 1981, ndugu wawili wa Marekani na rubani mmoja wa kike walikaa mezani kula, wazo likachorwa kwenye kitambaa cha karatasi: kuzunguka dunia bila kutua wala kuongeza mafuta. Wakaijenga Mojave, jangwani California, wakisaidiwa na watu wa kujitolea.

Tarehe 14 Desemba 1986 ikaruka, na zaidi ya theluthi mbili ya uzito wake ilikuwa mafuta. Ncha za mabawa zilisugua lami kabla hata haijanyanyuka. Angani, kwa uzito ule, mabawa yalipepea na ndege ikawa inadunda. Kuishika kwa mkono ilikuwa balaa. Na marubani walikuwa wawili tu, kwenye chumba chembamba, kwa siku 9. Mmoja amelala, mwingine macho mazito. Hapo sevo haikuwa anasa, ilikuwa uhai. Wakapita hadi juu ya Kenya, na tarehe 23 Desemba wakatua salama.

Sasa sikia sehemu ambayo wengi hawaijui. Mkono huu ukiwa na nguvu kupita kiasi, unageuka adui. Sevo ikikwama au ikichanganyikiwa, inaweza kuvuta usukani kuelekea chini huku rubani akivuta kwenda juu. Nani ashinde? Jibu ni moja: binadamu.

Ndiyo maana sevo nyingi huwa na klachi inayoteleza, au pini dhaifu inayokatika rubani akivuta kwa nguvu. Anayejenga ndege nyumbani hutakiwa pia kuangalia wenzo wa sevo. Ukifika mwisho wa safari yake na kunyooka mstari mmoja na fimbo unayoisukuma, unaweza kukwama hapohapo na kuufunga usukani. Kwa hiyo anausogeza usukani mwisho hadi mwisho, taratibu, ndege ikiwa bado chini. Kisha anawasha mtambo, anashindana nao kwa mkono wake. Akishindwa yeye, hakuna kuruka. Na kitufe cha kuuzima kinakaa pale kidole kinapofika bila kutafuta.

Hata kijana wa Paris alinyanyua mikono, ila usukani ulibaki mbele yake, hatua moja tu. Uzuri wa mkono wa chuma si nguvu zake, ni kukubali kuachia ukiambiwa.

Wewe je, ungethubutu kutembea juu ya bawa kama yule fundi?