Ulinzi wa Kumbukumbu za Parokia Katika Zama za Kompyuta

Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 (Kanuni 535) inaagiza kila parokia iwe na vitabu vya Ubatizo, Ndoa na Marehemu, na vitabu vya zamani vihifadhiwe kwa uangalifu. Katika Kitabu cha Ubatizo huandikwa pia Kipaimara, Ndoa na Daraja Takatifu. Ndiyo maana Mkristo aliyebatizwa Mwamapalala, akitaka kufunga ndoa Mwanza au Dar es Salaam, huomba cheti kutoka parokia ya nyumbani, kwa kuwa humo huonekana kama yu huru kufunga ndoa. Mstari mmoja ukifutwa au kubadilishwa, haki ya mtu huyo huyumba.

Wajibu wa siku zote

Kanuni 220 inakataza kuvunja faragha ya mtu. Kanuni 487 inataka hifadhi ya nyaraka ya Jimbo ifungwe, ufunguo wake uwe kwa Askofu na Kansela tu. Kumbukumbu zinapohamia kwenye kompyuta, nywila ndiyo ufunguo, na wajibu ni ule ule.

Sheria ya nchi nayo inatubana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inahesabu imani ya dini na taarifa za watoto kuwa taarifa nyeti. Kitabu cha Ubatizo kina zote mbili.

Hatari zilizopo

Januari 2022, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wadukuzi wamefikia taarifa za watu zaidi ya 515,000, wakiwemo waliotenganishwa na familia zao. Walipita kwenye udhaifu wa programu ambao haukuwa umezibwa.

Kwetu, tunawafahamu matapeli wa ujumbe wa “ile hela tuma kwenye namba hii”. Tapeli akipata orodha ya Jumuiya yenye majina, namba za simu na ahadi za michango, atamwita mwamini kwa jina na kumtajia deni lake halisi.

Hatua za kuchukua

1. Kitabu cha karatasi kibaki, kikingwe na mvua na mchwa. Kompyuta ni msaidizi wake.
2. Kila mhudumu awe na nywila yake, naye aone yale tu yanayohusu kazi yake. Akiondoka, ruhusa yake ifungwe siku hiyo hiyo.
3. Nakala rudufu zifungwe kwa nywila, na moja itunzwe mbali na ofisi, bila kuunganishwa na kompyuta, ili kirusi kisizifunge zote.
4. Programu zisasishwe, flashi isiyojulikana isichomekwe.
5. Orodha za waumini zisisambazwe kwenye makundi ya WhatsApp.
6. Taarifa zikivuja, Paroko aarifiwe mara moja, ili Jimbo na mamlaka za nchi zijulishwe na waumini waonywe mapema.

Nasi waumini tunaposikia namba mpya ya kutuma sadaka, tuthibitishe kwanza parokiani kabla ya kutuma.